Nyumba za Safu za Saltaire

Karibu na Bradford, Uingereza, kiko kijiji cha Saltaire, kilichopewa jina la tajiri Titus Salt na mto Aire. Kiwanda chake cha sufu kilifunguliwa mwaka 1853. Nyumba za wafanyakazi, zaidi ya 800, zikajengwa safu kwa safu kwa ramani za Lockwood na Mawson.

Wamsifuo Salt husema aliwatoa watu katika moshi na uchafu wa Bradford. Hatumpunguzii sifa hiyo: kila nyumba ilikuwa na maji, gesi na choo chake uani, jambo la nadra zama zile. Lakini jengo nalo husema, na yatupasa kulisikiliza. Nyumba zote ni za mawe, zimeshikamana ukuta kwa ukuta; hata hivyo ya mfanyakazi wa kawaida ni ndogo na mlango wake wafungukia barabarani, ilhali ya msimamizi ina vyumba zaidi na kibustani mbele. Katika baadhi ya safu, nyumba za ncha zimeinuliwa kwa orofa tatu. Mpita njia alisoma cheo cha mtu ukutani pake bila kumwuliza. Hata mitaa ilipewa majina ya mke na watoto wa tajiri! Tena nyumba zilikuwa za kupanga, na mwenye nyumba ndiye mwenye kazi. Aliyekosana na mmoja amekosana na wote wawili.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1986, nyumba zingali zakaliwa. Mwaka 2001 UNESCO iliiingiza Saltaire katika Urithi wa Dunia, mwaka ule ule ilipoingizwa Lamu, ambako nyumba nazo hushikana kuta, ila hakuna tajiri mmoja aliyezichoresha ramani.