Mark X si jina la mtu

Nilipopata habari kwamba mwanafunzi wangu wa zamani amefariki katika ajali ya barabarani, swali langu la kwanza halikumfaa mwalimu. Sikuuliza mamake yu hali gani wala ameacha watoto wangapi. Niliuliza, "Alikuwa na gari gani?"

Aliyenipigia simu akajibu, "Mark X, Prof."

Nami nikasema, "Aaa."

Kihisishi hicho kifupi ndicho kilichonisukuma kuandika makala haya. Ndani yake mlikuwa na hukumu kamili: kijana, pesa za haraka, mguu mzito, usiku, pombe labda. Nilikuwa nimemfundisha kijana huyo kwa miaka minne. Nilisimamia tasnifu yake. Nilijua alivyokuwa mwangalifu hata wa kuweka alama ya mkato. Jina la gari likafuta yote hayo katika sekunde moja.

Siku ya mazishi nilitoka Kitale kwenda Bungoma kwa gari la abiria, zile Probox tunazozijua. Tulikuwa wanane katika gari la watu watano, mmoja wetu akiwa amekaa sambaza, kiuno nusu kwake nusu kwa dereva. Kabla ya kufika Kiminini, Mark X ya rangi ya kijivu ikatupita.

"Huyu Mark X anaharakishia wapi?" dereva akauliza. "Anaona kaburi linachelewa?"

Mama mmoja nyuma yangu akadakia, "Hao ni watoto wa pesa ya haraka. Mtu wa Mark X humwoni kanisani ila akiletwa kwa sanduku."

Tukacheka. Nilicheka nami, nikiwa njiani kwenda kumzika mmoja wao. Dereva wetu alikuwa ameshika simu kwa mkono mmoja, na hakuna aliyekuwa amefunga mkanda. Nyani haoni kundule.

Tuanze na sarufi, maana ndiyo kazi ya ukumbi huu. Gari ni la ngeli ya LI-YA: gari hili, magari haya. Majina ya aina za magari, yakiwa ya kigeni, huingizwa katika ngeli ya I-ZI: Subaru imeharibika, Probox zimejaa. Dereva wetu hakusema "Mark X hii inaharakishia wapi". Alisema "huyu Mark X anaharakishia". Kivumishi na kitenzi vyote viwili vimechukua upatanisho wa A-WA, ngeli ya viumbe wenye uhai. Jina la mtu limeondolewa na jina la chuma limewekwa mahali pake, lakini upatanisho wa kibinadamu umebaki. Ni kama kiti cha mtu aliyefukuzwa ambacho bado kina joto.

Katika fasihi tunawafundisha wanafunzi mbinu mbili za majina. Lakabu ni jina la kupanga, ambalo mtu hupewa au hujipa kutokana na jambo fulani. Majazi ni mhusika kupewa jina linaloafikiana na tabia zake. Marehemu Ken Walibora, aliyekulia Trans Nzoia, alitumia majazi kwa ustadi katika Kidagaa Kimemwozea, akatupa wahusika kama Majisifu na Amani. Katika majazi, mwandishi huijua tabia kwanza, kisha hutafuta jina. Barabarani tunakwenda kinyumenyume. Jina tunalipata kwanza, limeandikwa nyuma ya gari, kisha tunalitafutia tabia. Mwenye gari hajafungua hata mdomo.

Mtindo huu si mpya. Watu wa rika langu wanalikumbuka neno "Wabenzi", ambalo lilizagaa Afrika Mashariki baada ya uhuru. Tazama lilivyoundwa: kiambishi wa- kikatiwa kwenye Benz, sawasawa na Wabukusu, Wasabaoti au Wataita. Ikiwa Kenya ilihesabiwa kuwa na makabila 42, basi hili lilikuwa la 43, kabla Wamakonde hawajatambuliwa rasmi kwa nambari hiyo mwaka wa 2017. Kabila la Wabenzi halikuwa na lugha wala kijiji. Lilikuwa na gari jeusi, ofisi na dereva wa serikali.

Neno hilo lilikuwa kejeli, na kejeli yake ilikuwa na mwelekeo. Lilitamkwa na aliyesimama kando ya barabara akirushiwa vumbi, likamlenga aliyemrushia. Tena lilizua swali: gari hili limenunuliwa kwa pesa za nani? Swali hilo lilikuwa zito kiasi kwamba nchini Tanzania, Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili au zaidi, kumiliki hisa katika makampuni na kuwa na nyumba za kupangisha. Hapa kwetu, mwaka wa 2009, Waziri wa Fedha alipotangaza kwamba mawaziri waachane na magari makubwa na kutumia yenye injini isiyozidi 1,800, baadhi yao walisitasita kuyapokea. Walijua, kama tulivyojua sisi, kwamba gari lilikuwa sehemu ya cheo.

Sasa tulinganishe na Mark X. Toyota walianza kuiunda mwaka wa 2004 kuirithi Mark II, wakaacha kuiunda mwaka wa 2019. Ilitengenezwa hasa kwa ajili ya barabara za Japani. Kwa kuwa sheria yetu inaruhusu kuingiza nchini magari yaliyotumika yasiyozidi umri wa miaka minane, gari hilo lilifika kwetu likiwa limeshuka bei lakini halijapoteza sura. Ndipo mwalimu wa shule ya upili, mwenye duka la pembejeo au mkulima aliyeuza mahindi vizuri msimu mmoja akaweza kukaa kwenye kiti ambacho zamani kilikuwa cha mkurugenzi.

Sitaki kudanganya. Kuna chembe ya ukweli katika maneno ya watu. Nyingi za gari hizo zina injini ya lita 2.5 yenye silinda sita, na nguvu yake hupelekwa kwenye magurudumu ya nyuma. Ukikanyaga mafuta ghafla kwenye kona iliyolowa, mkia wa gari unaweza kukuhama. Wapo vijana wanaoendesha kwa fujo, nimewaona. Subaru nayo ilijijengea sifa ya mbio kihalali: Patrick Njiru aliiendesha katika Safari Rally miaka ya 1990 tukamshangilia, na gari la aina hiyo likashinda mashindano hayo mwaka wa 1997 na tena 2000. Kijana anayetoboa ekzosi ya Subaru yake ili ingurume mjini Bungoma anaiga kitu ambacho sisi wazazi wake tulikipigia makofi.

Lakini tazama kejeli imegeuka wapi. "Wabenzi" lilikuwa neno la wingi, likalenga tabaka. Sijasikia mtu akisema "Wamarkeksi". Husema "huyu Mark X", umoja, mtu mmoja peke yake na kosa lake peke yake. Aliyekuwa akitamaniwa awe amefanikiwa, ndiye huyo huyo anayeshukiwa akifanikiwa. Tunamwambia kijana asome, atafute, ainuke. Akiinuka hadi kwenye usukani wa gari la mtumba lenye umbo la kupendeza, tunauliza ameiba wapi. Swali tuliloliacha kumuuliza mwenye Benz tumelihamishia kwa mwenye Mark X, na tumelihamisha bila ujasiri wake.

Zaidi ya hayo, jina hili linazima maswali mengine. Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, imekuwa ikitangaza vifo zaidi ya 4,000 kwa mwaka katika barabara zetu. Kundi kubwa zaidi la wanaokufa ni watembea kwa miguu, nao waendeshaji na abiria wa pikipiki wanawafuata kwa karibu. Hao hawana nembo mgongoni. Kamukuywa, katika barabara ya Kitale kwenda Webuye, ni mahali ambapo pametajwa tena na tena katika habari za ajali. Magari yaliyoanguka pale ni ya kila aina: matatu, malori, pikipiki. Mahali papoharibika hivyo, aina ya gari haiwezi kuwa jibu la kwanza.

Mwanafunzi wangu aligonga lori lililokwama usiku. Halikuwa na taa. Hapakuwa na kibao cha pembetatu cha kuakisi mwanga, ila matawi machache yaliyovunjwa na kutupwa nyuma yake, desturi yetu tunayoijua sote. Nimeambiwa na waliofika mapema kwamba matawi yenyewe yalikuwa yamenyauka, yaani lori lilikuwa limelala pale zaidi ya siku moja. Hakuna aliyeniambia mambo hayo kwenye simu, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kusema "aaa".

Hapa sisi wa magazeti nasi tuna la kujibu. Chukua sentensi ya aina hii: "Watu watatu wameuawa na Mark X iliyokuwa ikienda kasi." Kisarufi, Mark X ndiyo mtenda. Ikiwa ni lori, mara nyingi tutaandika "gari liligonga lori lililokuwa limeegeshwa", na lori litabaki yambwa, lisilo na kosa, limetulia. Nani aliliegesha? Kwa nini usiku? Kauli ya kutendwa imemficha. Mwandishi wa habari hakukusudia kumtetea mtu, lakini muundo wa sentensi umetoa hukumu kabla ya mahakama. Wahariri wangeuliza kwanza kama aina ya gari inahitajika katika sentensi hiyo. Pale inapohitajika, basi na iandikwe kwa magari yote.

Wenzetu wanabishana kuhusu neno la Kiswahili la jambo hili. Wapo wanaosema "dhana potofu", nami silipendi sana, kwa kuwa dhana yenyewe huenda si potofu yote. Mimi naegemea "fikra mgando". Neno ambalo Waingereza wanatumia lilitoka katika viwanda vya uchapishaji: bamba la madini lililoyeyushwa na kugandishwa likiwa na ukurasa mzima, ili ukurasa huo huo uchapwe mara elfu bila kupanga herufi upya. Mwaka wa 1922 mwandishi Mmarekani Walter Lippmann alilichukua kueleza picha tulizonazo vichwani kuhusu watu tusiowajua. Kwa hiyo "mgando" linagusa mle mle. Herufi hazipangwi upya. Kila kijana akifa, ukurasa ni ule ule.

Najua nitaambiwa, "Prof, huo ni mzaha tu wa stejini." Mzaha una nafasi yake, na lugha isiyo na mzaha imekufa. Nina kipimo kimoja tu: je, jina hilo linafungua swali au linalifunga? Baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024, na habari za watu kutekwa na wanaume wasio na sare waliokuja kwa magari yasiyo na alama, neno "Subaru" lilipata maana mpya ya kutisha katika mazungumzo ya watu. Anayesema leo "Subaru imeegeshwa nje ya lango" anauliza: ni nani aliye ndani, na ametumwa na nani? Hapo jina la gari limefungua swali, kama lilivyofanya "Wabenzi". "Ilikuwa Mark X" hulifunga. Ukiisha kulisema, kila mtu hurudi kwenye chai yake.

Wabukusu wana desturi ya kumuse, ambapo msemi maalumu husimama baada ya mazishi ya mzee wa heshima, akahutubia umma, akaeleza ukoo, historia na wosia. Huwa ni hotuba ya saa nyingi. Kijana hafanyiwi hivyo. Hilo ni la wazee, na sina ugomvi na mila. Ila kijana asipopewa hotuba, anabakiwa na maneno ya watu wa kawaida, na maneno hayo yanafaa yawe ya haki.

Tulipofika nyumbani kwao, nilimpa mamake mkono wa pole. "Mulembe, mama." Akaniketisha kando yake. Sikuuliza lolote kuhusu gari, lakini yeye mwenyewe akalitaja.

"Mwalimu, hilo gari wanalolisema," akaniambia, "alilinunua kwa mkopo wa sacco. Lilipeleka wamama wanne hospitali kujifungua, mmoja alijifungulia humo ndani, kwa kiti cha nyuma. Huyo mtoto alipewa jina lake."

Kisha akamwita mtoto aje anisalimie. Alikuja mvulana wa miaka mitatu hivi, akanipa mkono wa kushoto, akasahihishwa, akanipa wa kulia. Nilimuuliza anaitwa nani. Akalitaja jina la mwanafunzi wangu, lote, bila kukosea hata silabi moja.