Ingekuwaje Bila Fundi wa Reli?

Toleo la mwisho la hadithi ile nililisoma Mikumi, nikisubiri basi. Unaijua: ingekuwaje kama Nyerere, Kenyatta na Obote wangetimiza walichotia saini Nairobi tarehe 5 Juni 1963, na shirikisho likazaliwa kabla mwaka haujaisha? Matoleo yake mengi huanzia mezani na kuishia kwenye ramani: nchi moja, jeshi moja, timu moja ya mpira ya kutisha. (Kwenye timu nakubali.)

Ugomvi wangu ni kwamba humo ndani hakuna mfanyakazi hata mmoja.

Babu yangu alikuwa fundi wa reli Kilosa. Mwajiri wake hakuwa Tanganyika. Alikuwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa 1948 kwa kuunganisha reli ya Kenya na Uganda na ya kwetu. Mshahara wake ulikuwa shilingi ileile iliyonunua unga Kampala. Shirika hilohilo ndilo lililotandika njia kutoka Kilosa kwenda Mikumi. Kwa hiyo muungano tunaoutunga kama ndoto, yeye aliufanyia kazi, spana mkononi, kabla Azimio la Nairobi halijaandikwa.

Aliyeunganisha ni Mwingereza, kwa hesabu zake, bila kumuuliza mtu. Watunzi huruka hapa, kumbe ndipo penye hadithi: kwa nini kilichowezekana kwa amri kilishindikana kwa hiari? Nyerere aliiona hatari mapema. Mwaka 1960 alisema yuko tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi hizi ziingie pamoja. Haikuwa hivyo. Kila bendera ilipopanda, walipatikana mawaziri na mabalozi ambao shirikisho lingewashusha vyeo. Sarafu ikaanza kugawanyika 1966, Jumuiya ikavunjika 1977, na wastaafu wake wakadai mafao kwa miongo.

Njia ile ya Mikumi ilifika hadi Kidatu, inakokutana na TAZARA. Kukutana tu. Yetu ina upana wa milimita 1000, ile 1067, na behewa haliwezi kuvuka. Mzigo lazima ushushwe na kupakiwa upya. Anayetaka kuniandikia shirikisho lililofanikiwa aanzie hapo, aniambie nani angekubali kung'oa reli yake, na kwa fedha za nani.