Makofi ya Chennai

Wapo wapenzi wa kriketi, na baadhi yao ni rafiki zangu, ambao ukiwauliza ni upinzani gani mkubwa kuliko wote katika mchezo huo watakujibu bila kusita: India na Pakistan. Watakutajia mpaka wa mwaka 1947, watakutajia vita, watakutajia mamilioni ya watu wanaoketi mbele ya televisheni. Nakubali kwamba hakuna mechi inayotazamwa kwa moyo mzito kama hiyo. Lakini uzito wa mechi ni jambo moja na ubora wake ni jambo jingine. Katika mechi za testi, yaani zile za siku tano, ambazo kwangu mimi ndizo kriketi yenyewe, uzito huo mara nyingi umeuua mchezo.

Tutazame hesabu. Kuanzia mwaka 1952 hadi mwaka 2007 nchi hizi mbili zilicheza testi 59. Pakistan ilishinda 12, India ikashinda 9, na 38 zilikwisha kwa sare. Msomaji asiyeujua mchezo huu asidhani kwamba sare ya kriketi ni kama sare ya kandanda. Haina maana kwamba pande mbili zimelingana. Maana yake ni kwamba siku tano zimekwisha na kazi haikumalizika, kama mtihani ambao kengele imelia na watahiniwa wote bado wameinamia karatasi.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Mwaka 1952 Pakistan ilikwenda India ikiongozwa na Abdul Hafeez Kardar, mtu ambaye mwaka 1946 alikuwa ameichezea India hiyo hiyo nchini Uingereza. Mrushaji wao mkubwa, Fazal Mahmood, alikuwa amechaguliwa katika timu ya India iliyokwenda Australia mwaka 1947, akajitoa kwa sababu ya mgawanyiko wa nchi. Hawa hawakuwa wageni kwa wenyeji wao. Walikuwa ndugu waliogawana mirathi jana. India ilishinda Delhi. Pakistan ikajibu pale Lucknow, Fazal akiwatoa wapigaji 12. India ikashinda tena Bombay. Mechi tatu, washindi katika zote tatu.

Halafu hofu ikaingia. Testi mbili za mwisho za ziara ile zilikuwa sare. Mwaka 1955 India ilikwenda Pakistan, mechi tano, sare tano. Ziara ya 1960 na 1961, mechi tano, sare tano. Jumla ni sare 12 mfululizo. Wapo wanaosema viwanja vilikuwa laini mno na havikuwasaidia warushaji, na hilo ni kweli kwa sehemu. Lakini uwanja hauwezi kumlazimisha nahodha aliye mbele kuendelea kupiga polepole hadi jioni ili mpinzani asipate hata nafasi ya kujaribu. Kila nahodha alijua kwamba akirudi nyumbani na sare hakuna atakayemsifu sana, ila hakuna atakayemzomea. Baada ya hapo zikaja vita vya 1965 na 1971, na testi ya India na Pakistan haikuchezwa tena mpaka mwaka 1978.

Mimi niliingizwa katika habari hizi nikiwa mkufunzi kijana katika chuo cha ualimu, na aliyeniingiza ni mwenzangu wa somo la hisabati, Mtanzania mwenye asili ya Kigujarati, mzaliwa wa Tanga. Alikuwa na redio ya masafa mafupi aliyoitunza kama yai. Wanachuo walimcheka: mchezo gani huu, Mwalimu, watu wanacheza siku tano, wanapumzika kunywa chai, na mwisho hakuna aliyeshinda? Yeye alitabasamu tu. Aliniambia kwamba mechi ya siku moja hukuonyesha nani ana nguvu, lakini ya siku tano hukuonyesha mtu alivyo. Maneno hayo niliyachukua kama maneno ya mpenzi wa mchezo, mpaka Januari 1999.

Mwezi ule Pakistan ilikuwa India kwa ziara ya testi ya kwanza tangu mwaka 1987. (Ile ya 1987 nayo ilikuwa na sare nne, kisha mechi moja ya ajabu pale Bangalore, Pakistan ikishinda kwa mikimbio 16 ingawa Sunil Gavaskar alipata 96 katika testi yake ya mwisho.) Kabla ya mechi, wafuasi wa chama cha Shiv Sena waliufukua uwanja wa Delhi ili Pakistan isicheze, na testi ya kwanza ikahamishiwa Chennai. Hakuna aliyetegemea mapenzi.

Ilichezwa kuanzia tarehe 28 hadi 31 Januari. Pakistan ilipata mikimbio 238, India 254. Katika zamu ya pili Shahid Afridi, kijana aliyejulikana kwa papara tu, alikaa akapata 141. Kisha Venkatesh Prasad akawatoa wapigaji watano bila kuruhusu hata mkimbio mmoja, na Pakistan ikaishia 286. India ilihitaji 271. Wapigaji wawili wa kwanza walitoka mikimbio ikiwa 6. Watano walikuwa wametoka ilipofika 82. Alibaki Sachin Tendulkar na mlinda wiketi Nayan Mongia, na Tendulkar mgongo ulikuwa unamuuma kiasi cha kuonekana na kila mtu. Walijenga pamoja mikimbio 136. Mongia akatoka. Tendulkar akaendelea, akafika 136 peke yake, India ikibakiza mikimbio 17 tu. Hapo aliupiga juu mpira wa Saqlain Mushtaq, na nahodha Wasim Akram akaudaka.

Ilikuwa Jumapili, na tulikuwa barazani kwa mwenzangu. Mtangazaji alikuwa akisema Kihindi, naye ananitafsiria. Wapigaji watatu waliobaki walipata mikimbio minne kwa jumla. India ilishindwa kwa mikimbio 12. Mwenzangu alinyamaza, kwa maana moyo wake ulikuwa India tangu utoto. Redioni napo palikuwa kimya. Kisha tukasikia kelele ambayo mwanzoni sikuitambua, kama mvua inayoanza juu ya bati. "Sikiliza, Mwalimu," akaniambia. "Wanawapigia makofi." Watu wa Chennai walikuwa wamesimama. Wachezaji wa Pakistan walirudi wakauzunguka uwanja mzima, na makofi yakawafuata jukwaa kwa jukwaa.

Hadi leo wapo wanaomlaumu Tendulkar kwa pigo lile. Naona lawama hiyo si ya haki. Mtu aliyebeba nusu ya mzigo kwa mgongo mbovu haulizwi kwa nini hakuufikisha mlangoni. Wanaulizwa wale watatu waliokuwa na hatua 17 za kutembea. Na sifa ambayo haitolewi vya kutosha ni ya Wasim Akram. Mpigaji bora wa dunia anamkaribia kushinda, na yeye anaendelea kumpa mpira Saqlain, ambaye mipira yake ya kuzunguka humkaribisha mtu apige. Nahodha wa mwaka 1955 angewatawanya watu wake wote mpakani na kuombea jua lizame. Wasim alikubali kwamba anaweza kushindwa, na ndiyo maana alishinda.

Wiki chache baadaye, Februari, katika uwanja wa Eden Gardens pale Calcutta, mambo yaligeuka. Tendulkar alikuwa akikimbia, akagongana na Shoaib Akhtar, akahesabiwa ametoka. Umati ukachafuka, na mwisho wake polisi waliyaondoa majukwaani maelfu ya watu. Pakistan ikamaliza kazi na kushinda kwa mikimbio 46 mbele ya viti vitupu. Ninalitaja hilo ili msomaji asidhani kwamba nawasifu wanadamu kupita kiasi. Nchi ilikuwa moja na msimu ulikuwa mmoja. Lakini nikiulizwa ni mechi ipi kati ya hizo mbili inayoonyesha upinzani huu ulivyoweza kuwa, nitasema Chennai, wala sitaona haya.

Miaka iliyofuata ilitupa mema na mabaya. Mwaka 2004 India ilikwenda Pakistan, na mashabiki wa India wakavuka mpaka kwenda kutazama. Pale Multan Virender Sehwag alipata 309, wa kwanza kwa India kufika 300. Katika mechi hiyo hiyo Rahul Dravid, aliyekaimu unahodha, alifunga zamu ya kupiga Tendulkar akiwa na 194, yaani akibakiza sita tu kufika 200. Ugomvi wa jambo hilo haujaisha. Mimi niko upande wa Dravid. Muda katika testi ni mali ya timu, haugawiwi kwa ajili ya kumbukumbu ya mtu mmoja, na India ilishinda mechi ile, ikiwa ni ushindi wake wa kwanza wa testi katika ardhi ya Pakistan. Lakini miaka miwili tu baadaye, Lahore, hofu ile ya zamani ilirudi kwa sura ya uwanja mgumu kama sakafu: Pakistan ilipiga 679 kwa wapigaji saba, India ikajibu 410 kwa mmoja, na siku tano zikapotea hivyo. Takwimu kama hizo huwafurahisha watunza kumbukumbu peke yao.

Testi ya mwisho ilichezwa Bangalore, Desemba 2007. Novemba 2008 Mumbai ilishambuliwa, na tangu hapo timu hizi hukutana katika mashindano ya mechi fupi tu, mara nyingi katika nchi ya tatu. Mechi hizo huitwa upinzani ule ule. Siamini. Katika mechi ya saa tatu au nne unaweza kumchukia mpinzani mwanzo hadi mwisho; muda hautoshi kumjua. Siku tano, chai kwa chai, jua moja likiwachoma wote, chuki huchoka. Septemba 2025, katika Kombe la Asia kule Dubai, wachezaji wa India walikataa kuwapa mkono wa Pakistan baada ya mechi, na waliposhinda fainali hawakupokea kombe kutoka kwa Mohsin Naqvi, mkuu wa kriketi wa Pakistan. Kila upande una hoja zake, na damu iliyomwagika Kashmir mwaka ule si jambo la mzee wa kijijini kulipima kwa maneno mepesi. Ninachosema ni cha mchezo tu: waliokataana mikono pale Dubai hawakupata kamwe siku tano za kuwa pamoja uwanjani.

Virat Kohli alistaafu testi Mei 2025 akiwa amecheza 123. Dhidi ya Pakistan hakucheza hata moja.