Sikio la Fundi

Pikapu ikigonga "ko, ko" kwenye kila tuta, dereva huapa kwamba shokapu zimekufa. Fundi wa chini ya mwembe habishi. "Nenda mbele, urudi polepole, kaka." Anatembea kando ameinama, kiganja kwenye bodi. Kisha anatandika boksi, anaingia uvunguni na mtalimbo, anaisukuma amu ya chini: bushi imekatika, chuma kinapiga chuma. Udongo unamdondokea machoni. Nati yenye kutu inataka mafuta, nyundo na subira. Bushi mpya ikishaingia, hakazi nati gari likiwa juu ya jeki (wengi hukosea hapa). Analishusha kwanza likalie uzito wake, mpira wa bushi usije ukajipinda na kuchanika mapema. Anadai hela ya bushi na ya ufundi, basi. Shokapu hazikuguswa.