Sheria ya Mkoloni na Tawala Mbili za Mungu

Katika mijadala yetu husemwa mara nyingi kwamba sheria zinazoadhibu mapenzi ya watu wa jinsia moja ni ngome ya mila za Kiafrika. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2008, This Alien Legacy, yaipinga hoja hiyo: yaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya nchi zilizokuwa na sheria hizo wakati huo zilizirithi kutoka kwa Mwingereza.

Ushahidi wake wa kihistoria ni thabiti. Mwaka 1533, chini ya Mfalme Henry VIII, Bunge lilitwaa shauri hili kutoka mahakama za Kanisa, likalifanya jinai yenye adhabu ya kifo. Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, iliyoandaliwa na tume ya Macaulay, ikalipeleka makoloni. Maneno "kinyume cha maumbile" yaliyomo humo ndiyo tuyasomayo hata leo katika kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania.

Hata hivyo, hoja ya asili peke yake haitoshi. Vifungu vya wizi na mauaji navyo vililetwa na mkoloni, wala hatuvikatai. Tena si haki kumtwika mkoloni mzigo wote. Yeye aliweka kifungo cha miaka 14. Bunge letu, mwaka 1998, liliweka kifungo cha maisha, kisichopungua miaka 30. Hapo hatukurithi, tulitunga wenyewe.

Kwa hiyo swali ni la kiteolojia pia. Luther alifundisha kwamba upanga wa serikali umewekwa kuzuia madhara kwa jirani, bali dhamiri hutawaliwa kwa Neno. Hata mwenzetu anayeshikilia kwamba tendo hili ni dhambi hana budi kujibu: watu wazima wawili waliokubaliana humdhuru jirani yupi, hata wastahili miaka 30 gerezani? Uzinzi umekatazwa na Amri ya Sita, lakini hatudai mzinzi afungwe.

Sheria hii ilitoka mikononi mwa Kanisa ikaingia mikononi mwa mfalme. Nasi wachungaji twaendelea kuilinda kana kwamba ni Injili. Mshiriki anayemwogopa mchungaji wake kama amwogopavyo polisi hawezi kuungama, wala hawezi kufarijiwa.