Picha Isiyo na Jina

Kwetu Longisa picha hutundikwa juu karibu na dari, mtoto asizifikie. Mgeni akiinua macho, kogo huanza: huyu ni fulani, aliolewa wapi, mbona hayupo tena. Bila maneno hayo picha ni karatasi tu. Hicho ndicho kipimo changu kwa maonyesho ya picha yanayozunguka nchini.

Chukua Paro Manene. Mwaka 2007 Gilbert Oteyo na Christopher Morton wa makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford, walirudisha Nyanza picha za Waluo zilizopigwa na Evans-Pritchard mwaka 1936. Hawakuzifungia kwenye jumba mjini, walizipeleka vijijini. Hapo ndipo penye uzito wake: mtu aliyelala kabatini miaka sabini kama "mzee wa Kiluo" hupata nafasi ya kuitwa tena mwana wa fulani.

Sasa iweke kando ya Picha Mtaani, iliyoanzishwa na Boniface Mwangi mwaka 2009 kuonyesha ghasia za uchaguzi wa 2007. Ilikuwa kazi ya ujasiri, sibishi. Lakini Nairobi mtu hutazama, hushtuka, kisha hupanda matatu akaenda zake. Huku kwenye majani chai, aliyefukuzwa na aliyebaki hukutana sokoni. Ukitundika picha ya nyumba inayoungua, swali la kwanza ni hili: ni ya nani? La pili hakuna anayelisema kwa sauti: na huyo aliyetupa mgongo, si tunamjua?

Kumbe jina lile lile linaloponya laweza pia kuchoma. Ndiyo maana shindano la insha kuhusu "umuhimu wa amani" halitoshi. Mwanafunzi ataandika anachotaka mwalimu, atapata alama zake, na picha atakuwa hajaiona.

Afadhali apewe nakala aende nayo nyumbani. Aanze na yaliyo mbali kidogo, kama Watalai waliohamishwa na wakoloni hadi Gwassi mwaka 1934. Aulize majina, aandike, na akinyamaziwa aandike pia kwamba alinyamaziwa. Ya 2007 yafuate, mwenye nyumba akiwa wa kwanza kusema, akitaka.

Na gari la maonyesho likiondoka, nakala zibaki. Zitundikwe chini kidogo, mtoto azifikie.