Jeni Nzima, Protini Haipo

Mwanamke anayefika na kansa ya mlango wa kizazi katika Hospitali ya Panzi, ile aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege hapa Bukavu mwaka 1999, mara nyingi uvimbe wake una jeni ya p53 isiyo na kasoro. Katika kansa nyingine nyingi jeni hiyo, ambayo kazi yake ni kuzuia kansa, hukutwa imeharibika. Hapa ni nzima, ila protini yake haionekani.

Ili kuelewa inakopotelea, tuangalie p53 inavyojitawala. Ikiongezeka huwasha jeni ya MDM2, na protini ya MDM2 huigeukia p53 yenyewe na kuibandika alama ya kutupwa. Kisha mitambo ya seli huikatakata. Yaani p53 hujiitia muuaji wake. Katika seli tulivu haidumu hata saa moja. Huo waweza kuonekana ufujaji, lakini mimi naona ndio ujanja wenyewe: DNA ikikatika, MDM2 hulegeza mshiko, na p53 hujaa upesi bila kungoja jeni isomwe zaidi. Breki hiyo si ya hiari. Mwaka 1995 ilionekana kwamba viinitete vya panya visivyo na MDM2 hufa mapema. Vikikosa na p53 pia, panya huzaliwa wazima.

Mwaka 2004 Galit Lahav na wenzake waliziunganisha protini zote mbili na vimulimuli vya rangi tofauti, wakazitazama ndani ya seli hai, moja baada ya nyingine. Seli zilipopigwa mionzi inayokata DNA, p53 ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, MDM2 ikifuata nyuma. Mionzi ilipozidi, mawimbi yaliongezeka idadi, si kimo.

Virusi vya papiloma aina ya 16 na 18, ambavyo husababisha kansa nyingi za mlango wa kizazi, haviigusi jeni ya p53. Protini yao, E6, huishika E6AP ya seli, na kwa pamoja huibandika p53 alama ileile ya kutupwa. Tofauti ni amri inakotoka: p53 ikipungua, MDM2 nayo hupungua, lakini E6 haiitwi na p53, kwa hiyo haipungui nayo. Unyonge wa p53 haumpunguzii muuaji huyu nguvu.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 2000. Edward Goodwin na Daniel DiMaio walizima jeni za virusi hivyo ndani ya seli za HeLa, zilizotolewa kwenye kansa ya mlango wa kizazi ya Henrietta Lacks mwaka 1951 na kuendelea kugawanyika maabara tangu hapo. p53 ilirudi, na seli zikaacha kugawanyika.